Aya Yangu Nzuri ya Kuvuka Mpaka

Juzi alinitembelea binti mmoja anayefanya kazi katika ofisi ya kuwasaidia wakimbizi kisheria, kazi ile ile niliyoifanya mimi mpaka nikastaafu. Alikuja na kompyuta yake ya kupakata, akaiweka juu ya kitambaa changu cha meza bila kuuliza, nami nikanyamaza kwa sababu siku hizi ndivyo mlivyo ninyi vijana. Alitaka kunionyesha jinsi kazi ilivyorahisishwa. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, na aya nzima ikatoka kwenye taarifa ya mtu mmoja ikatua kwenye taarifa ya mtu mwingine.

"Unaona, shosho? Hii para naweka kwa kila mtu. Inaniokolea time mbaya."

"Na wenyewe walisema hivyo?"

"Si ni kitu moja tu? Wote walivuka border."

Nikaenda jikoni kuchemsha chai, maana nilijua maongezi hayo hayataisha upesi. Yale niliyomwambia ndiyo ninayowaandikia ninyi nyote mnaoingia katika kazi hii na vidole vyepesi kuliko vyangu. Aya ya kubandika niliivumbua mimi kabla hamjazaliwa, tena kwa mikono, na nusura imrudishe mwanamke mmoja kwa watu waliokuwa wakimtafuta kwa jina.

Naitwa Syombua. Nilizaliwa Machakos nikakulia Makadara, baba yangu akiwa dereva wa lori. Katika miaka ya sabini nilikuwa karani na mpiga taipu wa ofisi moja ndogo iliyowapa wakimbizi wakili bila malipo. Nasema ofisi kwa heshima tu. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa, dakika chache kwa miguu kutoka mahakama ya Makadara, na ukuta uliotutenganisha na ukumbi ulikuwa wa mbao. Jumanne na Alhamisi kwaya ilifanya mazoezi upande wa pili. Mtu alikuwa akitueleza jinsi nyumba yake ilivyochomwa, huku waimba besi wakirudia mstari mmoja mara kumi na mbili kwa sababu kuna mzee aliyekuwa akiingia mapema. Baadhi ya wateja walidhani tumewaletea waimbaji ili kuwafariji. Mmoja alitushukuru rasmi, kwa barua.

Wakili wetu aliitwa Wafula, mtu wa Bungoma, mwenye sheria yote kichwani na soksi zisizofanana miguuni. Alikuwa na upole ambao leo ungewashangaza. Wiki yangu ya kwanza niliweka kaboni kinyume. Ninyi hamkuijua kaboni: ilikuwa karatasi nyembamba nyeusi uliyoipachika kati ya karatasi mbili nyeupe, upande wenye wino ukitazama chini, ili unachokipiga juu kijinakili chini. Mimi niliuelekeza upande wenye wino juu, siku nzima. Jioni nakala zote zilikuwa tupu kabisa, na nyuma ya kila karatasi halisi kulikuwa na maneno yaliyosomeka kuanzia kulia. Wafula aliinua moja dirishani, akaisoma kwa utulivu mpaka mwisho.

"Hii ni kazi safi, Syombua," akasema. "Ila tutampelekea hakimu pamoja na kioo."

Hakunifokea, wala siku ile wala nyingine yoyote. Mtu wa namna hiyo akija kukutazama siku moja kwa macho ya kuuliza, inauma kuliko kufokewa, na siku hiyo ilikuja.

Lakini kwanza nimtaje Mzee Mulwa, maana bila yeye nisingejua korti ni nini. Alikuwa mkalimani wa mahakama aliyestaafu, na alikuja ofisini kila asubuhi kunywa chai yetu na kutulipa kwa mawaidha. Mengi yalihusu tumbo lake. Moja lilihusu kazi, nami nawapa lilivyo. Wakati ule hakimu aliandika kila neno la kesi kwa mkono wake mwenyewe. "Ukiwa kortini," Mzee Mulwa akaniambia, "usitazame uso wa hakimu. Uso ni wa kazini, umenyooshwa pamoja na shati. Tazama kalamu. Kalamu ikikimbia, mwambie mtu wako aongee polepole. Ikisimama, kuna neno limemgusa. Akiilaza mezani, ama amekasirika ama ameamini, na hapo ni kuomba Mungu."

Nimeitazama kalamu hiyo miaka mingi. Hata leo nikienda benki natazama kalamu ya karani.

Sasa nije kwenye aya. Kazi yetu ilienda hivi: mkimbizi alieleza habari zake kwa Kiswahili, mimi nikiandika kwa hati mkato, yaani ile mistari midogo na vindoano ambavyo makarani walijifunza chuoni ili kuandika kwa kasi ya mtu anayesema. Hati mkato hufuata sauti, kwa hiyo Kiswahili kiliingia humo bila taabu. Baadaye niliyageuza maelezo kuwa Kiingereza na kuyapiga taipu, karatasi moja tu, kwa sababu Wafula aliamini kwamba hakuna ofisa wa serikali anayefungua karatasi ya pili. Nami nilikuwa mtu wa usafi. Sikupenda hadithi inayorudi nyuma, inayosimama njiani kumsifu jirani, inayosahau mwezi ikakumbuka rangi ya ng'ombe. Nilizinyoosha. Na siku moja, nikimwandikia mwalimu mmoja wa Kampala, vidole vyangu vikatoa hii: "Nilivuka mpaka kwa miguu, nikihofia maisha yangu, nikiwa na vitu vichache tu nilivyoweza kubeba."

Kwa Kiingereza ilikuwa tamu zaidi. Ilikuwa na mwendo wa Biblia. Niliisoma mara tatu kwa sauti, mpaka kwaya ikanyamaza kusikiliza. Mteja aliyefuata, kijana wa Ethiopia, naye alikuwa amevuka mpaka, naye alihofia maisha, naye alibeba vitu vichache. Nikamwekea. Baada ya hapo niliibandika ukutani mbele ya macho yangu, na kila aliyevuka mpaka alivuka kwa aya ile.

Nikiri na kosa la pili, maana yanatembea pamoja. Kwa kuwa ofisini hakuna mwingine aliyejua kusoma hati mkato, nilizoea kujiandikia maneno yangu ya faragha katikati ya maelezo ya watu. Ndiyo ilikuwa shajara yangu. Mtu akisema jambo, nami nasema langu hapo hapo, kimya kimya, kwa vindoano. Nilijiona mjanja sana.

Athieno alikuja ofisini Alhamisi moja, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni. Alikuwa fundi wa nguo kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, aliyeketi kwenye kiti chetu kama amekuja kutembea. Mume wake alikuwa karani wa reli. Askari walimchukua ofisini kwake asubuhi moja, kalamu ikiwa bado sikioni, na hakuonekana tena. Siku tatu baadaye walikuja nyumbani wakamuulizia mke kwa jina, naye alikuwa kisimani. Hakurudi ndani ila kuchukua kitu kimoja. Alizungumza saa mbili bila kulia, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikuwa habari ndefu ya cherehani. Nilipopiga taipu niliikata yote. Nikamwekea aya yangu, Wafula akaipeleka ofisi ya serikali iliyoamua nani ni mkimbizi, tukaanza kungoja jibu.

Jibu lilichelewa. Athieno alikuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba moja Maringo, na siku moja akaenda kwenye nyumba za reli za Muthurwa kuwauliza wafanyakazi wa zamani kama wamesikia lolote kuhusu mume wake. Huko kulikuwa na msako, na yeye hakuwa na kibali. Kesho yake akapandishwa kizimbani Makadara kwa shtaka la kuwa nchini kinyume cha sheria. Wafula alitueleza hali bila kuzunguka: akipatikana na hatia, hakimu ataamuru arudishwe mpakani, na upande wa pili wa mpaka kuna watu wenye jina lake kwenye karatasi. Jioni ile kwaya iliimba na hakuna aliyewasikia.

Siku ya kesi nilivaa suti yangu ya kijani. Sikuwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu taarifa ilikuwa safi, haina herufi iliyofutwa hata moja. Wafula aliitoa kortini, akaeleza kwamba mama huyu ni mkimbizi na ombi lake bado linaangaliwa. Hakimu akaisoma. Kisha kiongozi wa mashtaka akasimama, Inspekta mmoja mrefu tuliyemfahamu vizuri, mtu ambaye hakuwa mbaya ila alipenda mno kushinda. Mkononi alikuwa na karatasi tatu, mbili kutoka faili za kesi za awali.

"Mheshimiwa, hizi taarifa zote zimetoka kwa ofisi moja," akasema. "Moja ni ya mwalimu wa Kampala. Moja ni ya kijana wa Ethiopia. Ya tatu ni ya huyu mama. Naomba nisome aya ya tatu ya kila mojawapo."

Akasoma. Alisoma vizuri, lazima nikubali. Aya yangu haijawahi kusomwa vizuri hivyo. Alipomaliza ya tatu, watu waliokaa nyuma walikuwa wameanza kuitikia.

"Watu watatu, nchi mbili, na safari yao inafanana mpaka koma. Sasa, Mheshimiwa, ama walitembea wakiwa wameshikana mikono, ama hii hadithi inatengenezwa mahali na kugawiwa watu. Na kama hii aya ni ya kutengenezwa, tutaamini aya gani ingine?"

Korti ikacheka. Kalamu ya hakimu ikasimama. Wafula akageuza shingo polepole akanitazama, macho yake yakiuliza, na ndipo nilipojua kwamba hajawahi kugundua. Alikuwa akizisoma moja moja, wiki kwa wiki, na kila mara aliona ni nzuri. Kule kizimbani Athieno, ambaye hakujua Kiingereza cha korti, alikuwa akimtazama mkalimani wa siku hiyo, hajui kwamba kicheko kile kilikuwa kikimsukuma kuelekea Tororo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu hapo, na niliwahi kuanguka na keki ya harusi.

Mzee Mulwa alikuwa ameketi kando yangu. Akaninong'oneza bila kunitazama, "Hiyo kitu ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi unangoja nini?"

Nikasimama. Mtu hasimami tu kortini. Askari wa mlangoni akaniambia, "Wewe mama, keti chini," nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, wala sikuwa mama wa mtu.

"Mheshimiwa," nikasema, "hiyo aya niliitunga mimi."

Wakanipeleka kwenye kizimba cha mashahidi, nikaapa. Nikaeleza kila kitu: jinsi nilivyochukua maelezo, nilivyoyageuza, nilivyoyanyoosha, na karatasi iliyobandikwa ukutani. Nikasema maneno ni yangu lakini safari ni ya Athieno. Hakimu akaniuliza swali moja, na ndilo swali mnalopaswa kujiuliza kila siku mnapofungua vifaa vyenu.

"Na maneno yake yako wapi?"

"Kwa daftari, Mheshimiwa. Niko nalo hapa."

Inspekta akaomba alione. Akaligeuza juu chini, akaligeuza tena. "Mheshimiwa, hata mimi naweza kuchora minyoo kwa karatasi na kusema ni ushahidi. Huyu atasoma chochote anachotaka, na nani atambishia?"

Nilidhani hapo nimekwisha. Lakini hakimu alifikiri kidogo, akamgeukia askari. "Niitie sekretari wangu."

Mnipe nafasi nivute pumzi, maana sekretari wake alikuwa Perpetua Akinyi. Tulisoma naye chuo kimoja cha uhazili, dawati moja. Katika mtihani wa hati mkato alinishinda kwa maneno kumi kwa dakika, na hakuniacha nisahau hata tulipokutana sokoni kununua sukumawiki. Katika Nairobi yote, hakuna aliyeufahamu mwandiko wangu kama yeye. Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Kisha nikakumbuka shajara.

Perpetua aliingia na miwani yake, akaapishwa, akapewa daftari. Akaupitia ukurasa mzima kwa macho, na nikaona kona ya mdomo wake ikicheza.

"Nisome kila kitu, Mheshimiwa?"

"Kila kitu kilichoandikwa."

"Hata kama si maneno ya mshtakiwa?"

"Kila kitu, Perpetua."

Akasoma kwa sauti ya taarifa ya habari. "Naitwa Athieno, mimi ni fundi wa nguo, natoka Tororo. Wakili amevaa soksi mbili tofauti tena. Mume wangu alikuwa karani wa reli." Wafula akavuta miguu yake chini ya meza. "Walikuja Jumatatu, mimi nilikuwa kisimani. Wale besi leo wanaimba kama wamemeza mchanga. Jirani aliniambia, usiingie ndani, wanakuulizia kwa jina. Huyu mama akifikishwa kortini siku moja, lazima afundishwe kujibu polepole, kwa sababu yule Inspekta mrefu wa Makadara hukatiza watu kama jogoo asiyejua saa."

Sitawaeleza kicheko kilichofuata. Inspekta alinyoosha koti lake. Mimi niliishika mbao ya kizimba, nikitamani sakafu ya Makadara inimeze pamoja na suti yangu ya kijani. Hakimu aliinamisha kichwa kuliko ilivyohitajika kuandika, na mabega yake yakatikisika kidogo. "Endelea," akasema.

Perpetua akaendelea, na polepole watu wakanyamaza, kwa sababu alikuwa amefika kwenye cherehani.

"Nilirudi ndani kwa mlango wa nyuma nikachukua mashine yangu. Si meza yake, kichwa tu, kile cha chuma. Hiyo ndiyo mikono yangu, bila hiyo mimi ni mtu wa kuomba. Lakini wakikuona na mashine wanajua unahama. Basi nikaifunga kwa blanketi, nikaibeba mgongoni na leso, kama mtoto. Nikafunika kichwa chake. Kwa kizuizi, askari akaniuliza, mbona mtoto halii? Mimi nikamwambia, amelia usiku mzima, ana surua. Akarudi nyuma. Halafu akaniambia, nionyeshe. Mimi nikaanza kumwimbia. Sikuwa na mtoto, sikujua wimbo mwingine, niliimba ule wa mama yangu. Nikapigapiga mgongo wake. Gurudumu lilikuwa linaniingia kwa mbavu, na mimi naimba. Askari akasema, pita, pita, usiniletee ugonjwa. Nilitembea na huo wimbo mpaka mpakani, niliogopa kunyamaza. Nikifika Kenya, mama mmoja akanipa uji, akaniambia, mpe na mtoto. Hapo ndipo nikacheka, halafu nikashindwa kuacha kucheka."

Perpetua akageuza ukurasa. Akaniangalia juu ya miwani, na mara hii mdomo wake haukucheza.

"Kuna maneno mengine mwisho, Mheshimiwa. Ni ya mwandishi."

"Soma."

"Haya hakuna mtu angeweza kuyatunga. Lakini ni marefu, nitayakata."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimesimama pale mbele ya watu wote, na hukumu yangu ilikuwa imesomwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nililia, nawaambia wazi.

Inspekta alikuwa mtu wa kupigana mpaka kipenga. Akasema kichwa cha cherehani ni chuma kizito, kina kona, na hakuna askari mwenye macho angedhani ni mtoto. Hakimu akamuuliza Athieno kama anaweza kuonyesha. Athieno akasema mashine iko Maringo, lakini chuma ni chuma, wamletee chuma chochote. Basi ikaletwa taipureta ya Perpetua kutoka ofisi ya pili, kubwa, nyeusi, nzito kuliko cherehani. Perpetua aliifuata nyuma akisema waishike chini, waishike chini. Mama mmoja aliyekuja kwa kesi ya mwanawe akavua leso yake akaipitisha mbele, na askari akatoa koti la mvua liwe blanketi.

Athieno alishuka kizimbani, akainama. Askari wawili wakamwekea mgongoni. Mikono yake ilienda nyuma bila kutafuta, ikavuta leso, ikafunga fundo kifuani, ikafunika kichwa cha kile kitu. Akanyooka. Akatikisa mara moja ili kikae sawa. Kisha akaanza kutembea kati ya viti, akiyumba taratibu, mkono mmoja nyuma ukipigapiga, na sauti ndogo ikamtoka. Sikuelewa maneno. Hayakuhitaji kueleweka.

Inspekta alikuwa amesimama katikati ya njia na karatasi zake tatu. Athieno alipomfikia, yule mtu alisogea kando, akashusha sauti, akasema, "Pita, mama. Pole."

Hakujua amesema. Alijua baadaye kidogo, alipoona watu wote wanamtazama, naye akatazama karatasi zake kama zina jibu. Mimi nilitazama mezani kwa hakimu. Kalamu ilikuwa imelazwa.

Aliichukua tena, akaandika kwa muda mrefu, na katika hali ile hakuna aliyekumbuka kumtua Athieno mzigo. Alisimama akiyumba muda wote huo. Hatimaye hakimu akasoma: ameridhika kwamba mama huyu alikimbia kuokoa maisha yake, shtaka limetupwa, na asisumbuliwe mpaka ombi lake lijibiwe. Akaongeza kwamba ofisi yetu itaandika upya kila taarifa iliyowahi kutoka na ile aya, na kwamba karani apunguze maoni. Mkalimani alipomaliza, nilikimbia mbele kumfungua leso, nikamwambia, "Athieno, umeachiliwa, hebu tukutue hii kitu."

Akaninong'oneza, "Polepole, dada. Amelala."

Tulicheka mpaka askari akatufukuza nje, na ni kule nje, kwenye ngazi za Makadara, ndipo Athieno alipolia kwa mara ya kwanza.

Tuliandika upya taarifa zote, kurasa nyingi kadiri mtu alivyohitaji, na ikaonekana maofisa hufungua hata karatasi ya tano kama ya nne ina kitu. Wafula alianza kukagua soksi. Ombi la Athieno lilikubaliwa mwishowe, na mwaka uliofuata alishona majoho ya kwaya kwa cherehani ile ile, akiwapunguzia besi mikono kwa sababu alisema wanapungia watu wakati wa kuimba. Habari za mume wake hazikuja kamwe. Perpetua ni rafiki yangu mpaka leo, na kila nikimwandikia kadi huniuliza kama nimekata lolote.

Nami niliivua aya yangu ukutani. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza mwezi na tarehe, niliuliza, "Ulibeba nini?" Watu walibeba ufunguo wa nyumba iliyokwisha kuchomwa, kitabu cha hesabu cha darasa la nne, kiatu kimoja. Mzee mmoja alibeba kengele ya baiskeli, bila baiskeli. Ukishauliza hivyo, mtu hakupi tena safari ya kila mtu. Anakupa yake, na kazi yako ni kukaa kando ya njia yake na kuandika.

Hayo ndiyo niliyomwambia yule binti, chai yetu ikiwa imepoa. Aliitazama kompyuta yake iliyokuwa juu ya kitambaa changu. Akaniambia kuna mtu wake atakayesikilizwa Jumatatu, baba mmoja wa makamo.

"Aliniambia story refu ya kijiko, shosho. Eti alitembea na kijiko cha mtoto wake kwa mfuko siku nane. Nikaona haina maana, nikaitoa."

"Irudishe," nikamwambia.

Akaifungua kompyuta pale pale.